Jibu Fupi, Halafu Nyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa mafunzo kwa vitendo ametuagiza kila mmoja aandike shajara ya muhula mzima na kumkabidhi mwishoni. Ile nitamwandikia kwa adabu zote: leo nimejifunza hiki, leo nimetambua kile. Hii ni yangu, na humu sitatambua kitu nisichotaka kukitambua.

Kliniki ya Sheria, jina kubwa hilo, ni chumba nyuma ya maktaba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Viti bado ni vibovu. Kuna meza mbili, kabati lisilofungika, na ndoo katikati ya sakafu kwa ajili ya paa. Mlangoni pameandikwa MSAADA WA SHERIA BURE, na leo asubuhi kulikuwa na watu wameshapanga foleni kwenye ukuta, wanakwepa matone. Miaka mitatu nimesoma habari za wadai na wadaiwa vitabuni. Sikuwahi kufikiria kwamba huwa wanakuja na viatu vilivyolowa.

Nimepangwa pamoja na Kifungu. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi hata kuomba chumvi bila kutaja kifungu kinachompa haki ya kuipata. Nimelia kimoyomoyo.

Alhamisi, 6 Machi

Tumepata mteja. Mama wa makamo anayepiga pasi nguo za watu kwenye kibanda karibu na soko. Kifungu tayari anamwita Mama Pasi, na mwenyewe amecheka akasema hata watoto wa mtaani kwao wanamwita hivyohivyo.

Shauri lenyewe: dada yake alifariki siku chache baada ya kujifungua, naye akamchukua mtoto, binti, ambaye sasa yuko darasa la pili. Yule binti anamwita mama, na kweli ni mama yake mdogo. Baba mtu, dereva wa malori, alikuwa ameshagombana na marehemu akaondoka kabla mtoto hajazaliwa, asijulikane aliko. Mwaka jana akaibuka. Ana nyumba, ana mke, ana duka la vipuri, na sasa ana wakili. Ameomba mahakama impe mtoto. Anasema yeye na ukoo wake wote walifichwa habari za mtoto, kwa makusudi, miaka yote hiyo.

Nilimuuliza Mama Pasi, mtoto amekuwa kwako tangu lini. Swali jepesi. Akajibu hivi, nimeandika neno kwa neno ili nicheke baadaye:

"Tangu siku ile umeme ulipokatika, mwanangu. Nilikuwa na shati la bwana mmoja mezani, mkono mmoja umeshanyooka, wa pili bado, pasi ikapoa nimeishika. Ndipo jirani akaja mbio, akasema dada kajifungua lakini hali si nzuri. Nikaliacha shati palepale. Mpaka leo sijui nani alilimaliza, na mwenyewe hakuwahi kunidai."

Katika faili, ambamo yeye anaitwa mjibu maombi, nimeandika: Mtoto alikabidhiwa kwa mjibu maombi akiwa mchanga.

Anaitwa Chiriku huyo mtoto, kwa maneno mengi. Nadhani najua alikoyarithi.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Mwalimu wetu tunamwita Pingamizi. Mwanamke mfupi, wakili wa siku nyingi, anayekatiza sentensi kabla kitenzi hakijafika. Leo ametufundisha kumwandaa shahidi. "Kumwandaa ni halali. Kumlisha maneno ni haramu. Mpaka wenyewe ni mwembamba, na mtauona mkishauvuka."

Nikaandika nukuu hiyo kwenye ile shajara ya adabu. Itapendeza.

Ametangaza pia kwamba, kwa ruhusa ya hakimu, mwanafunzi mmoja kwa kila shauri atasimama mahakamani kumuongoza shahidi, naye akiwa ubavuni. Kwenye shauri letu amenichagua mimi. Kifungu akanipongeza bila kinyongo, jambo lililoniudhi kidogo. Nimemwambia dada nyumbani. Dada yangu ni msusi, naishi kwake, na hajawahi kuniachia nivimbe kichwa. "Hongera, wakili," akasema. "Sasa osha vyombo."

Alhamisi, 20 Machi

Mama Pasi anatuchosha. Ukimuuliza la leo anakuanzia juzi. Nimemuuliza kuhusu chanjo, akatueleza habari za muuguzi aliyekuwa na mimba siku ile, na jinsi Chiriku, wakati huo hajui hata kutembea, alivyomshika yule muuguzi tumbo asimwachie. Kifungu alikuwa ameegemeza shavu mkononi kama mtoto anayesimuliwa hadithi. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani.

Alipotoka nikamwambia Kifungu, huyu mama atatuangusha. Hakimu hana nusu siku ya kusikiliza habari za mimba za wauguzi.

"Lakini unamwamini," akasema Kifungu.

"Kumwamini namwamini."

"Basi. Kabla hujamkata, anaaminika."

Nikamwambia atafute kifungu kinachosema hivyo. Kwa mara ya kwanza hakuwa nacho.

Alhamisi, 27 Machi

Kazi imeanza kweli. Nimemwandikia Mama Pasi maswali yangu kumi na mawili na chini ya kila moja, jibu lake. Maneno ni yake, nimeyapunguza tu. Kama mtu anavyokata majani ya mboga yaliyooza, mazuri yakabaki.

Nilimueleza kanuni: "Mama, mahakamani ukiulizwa, jibu fupi, halafu nyamaza. Usisimulie. Usieleze usichoulizwa. Kila neno la ziada ni kamba unampa wakili wa upande wa pili akufunge nayo."

"Jibu fupi, halafu nyamaza," akarudia, ameketi wima na mikono magotini. Vidole vyake vina makovu madogo ya pasi.

Tulipofika kwenye tuhuma kubwa, ile ya kumficha mtoto, nilikuwa na fahari ya pekee. Kanusho halihitaji mapambo. Ukipamba, unaonekana una la kuficha. Kwa hiyo jibu ni: Hapana, sikumficha. Nukta.

Akataka kuongeza kitu. Nikainua mkono. Akaanza tena, "Dada yangu marehemu alisema..." Hapo nikamkatisha kwa nguvu zaidi, kwa sababu hilo ndilo somo nililolipatia alama za juu kuliko darasa zima. Nikamfafanulia ushahidi wa kusikia: maneno ya mtu ambaye hawezi kuja kuhojiwa, mahakama haiyapokei, na wakili yule atamrukia mbele ya watu. "Kwa hiyo marehemu tuwaache wapumzike. Usimtaje marehemu yeyote."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

Akakunja karatasi yangu, akaitia kifuani.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua haijakatika tangu Jumapili. Barabara ya kwenye kibanda cha Mama Pasi imekuwa tope tupu, watu hawaleti nguo. Anasema heri, anapata muda wa kusoma. Ameshayashika majibu saba.

Leo alikuja na Chiriku. Mtoto alikaa kwenye kiti kibovu kuliko vyote akakipenda kwa sababu kinayumba. Akaniuliza kama mimi ni askari. Nikasema hapana, mimi najifunza uwakili. "Ukishajifunza utakuwa na kiti kizuri?" Kifungu alicheka mpaka akatoka nje. Kisha mtoto akamuuliza mama yake, kwa sauti ya kawaida tu kama anauliza chakula, "Huyu ndiye atafanya nisiende?"

Mama Pasi akasema, "Ndiye huyu."

Wallahi nilisisimka mwili mzima. Nilijisikia mkubwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Zoezi la kupimwa. Tulikwenda kwenye ile mahakama ya mazoezi ghorofa ya pili, Pingamizi akakaa kwenye kiti cha hakimu na karatasi yake ya alama. Mama Pasi alikubali kuja, amevaa gauni lililonyooka mpaka unaogopa kuligusa.

Niliuliza, akajibu. Niliuliza, akajibu. Hakuna muuguzi, hakuna shati, hakuna umeme uliokatika. "Nilimpokea akiwa mchanga. Nilimlisha kwa kijiko. Nilimpeleka chanjo zote. Nilimwandikisha shule. Hajawahi kulala njaa." Pingamizi hakutukatiza hata mara moja, na hilo kwa mtu kama yeye ni sawa na kupiga makofi. Mwishoni akasema, "Safi sana. Wazi, kwa mpangilio, bila maneno ya ziada." Akajaza alama zake palepale.

Mama Pasi alinikumbatia. "Nimeweza, mwanangu?"

"Umeweza kabisa."

Tulipokuwa tunarudi Kifungu alibaki nyuma. Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Hakutikisa mikono hata kidogo. Ulishawahi kumuona akiongea bila mikono?" Nikamwambia wivu ni mbaya, ndugu yangu.

Alhamisi, 17 Aprili

Homa. Dada kanifunika mablanketi mawili na kunisimanga.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku ya kesi. Tulifika asubuhi, tukakaa kwenye benchi la nje pamoja na kijito kilichokuwa kinapita chini yake. Mchana karani akatoka akasema hakimu hayupo, imeahirishwa. Mama Pasi alikuwa ananong'ona majibu yake, midomo inacheza. Baba mtu alikaa benchi la pili. Nilitaka awe na sura ya mtu mbaya. Ana sura ya mtu aliyeamka mapema. Alikuwa ameleta kifurushi cha kalamu za rangi, akakiweka magotini siku nzima, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mtoto haji mahakamani siku hiyo.

Nikaamua ni unafiki.

Jumanne, 6 Mei

Hakimu alimuita Chiriku leo ofisini kwake, peke yao wawili, kumuuliza anataka kukaa na nani. Mtoto alitoka anaruka. "Nimesema nakaa na mama." Tumeshinda, nikamwambia Kifungu.

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika yote, kwa sababu nikilala bila kuandika nitajidanganya asubuhi.

Chumba cha mahakama ni kidogo kuliko kile chetu cha mazoezi. Feni haizunguki. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hakimu alituomba wote tuongeze sauti. Baba mtu alitoa ushahidi wake kwanza, akababaika, akajirudia, akasema alifanya makosa alipoondoka, akasema kama angejua ana mtoto asingelala nje ya nchi hata siku moja. Alifuta uso kwa mkono wa shati. Nilikuwa natabasamu ndani kwa ndani. Shahidi hovyo kabisa, nikasema.

Kisha mimi. Nilisimama na Pingamizi ubavuni, nikamuongoza Mama Pasi swali kwa swali, naye akajibu kama saa. "Je, ulimficha mtoto huyu?" "Hapana, sikumficha." Akanyamaza. Hakimu akaandika.

Wakili wa upande wa pili tunamwita Taratibu, kwa jinsi anavyozungumza, kama mtu anayemenya yai. Akainuka, akamsalimia Mama Pasi kwa heshima, akasema, "Mama, naona uzee unaniingia, sikuandika yote. Tafadhali nieleze tena jinsi ulivyomlea."

"Nilimpokea akiwa mchanga. Nilimlisha kwa kijiko. Nilimpeleka chanjo zote. Nilimwandikisha shule. Hajawahi kulala njaa."

"Asante sana. Hebu turudi hapo shuleni. Siku ya kwanza ilikuwaje?"

Hilo halikuwemo kwenye karatasi. Siku ya kwanza ya shule! Mwanamke ambaye angeweza kukueleza rangi ya soksi za mwalimu mkuu! Akaweka mikono ubavuni, wima, kama nilivyomfundisha, akaanza: "Nilimpokea akiwa mchanga. Nilimlisha kwa kijiko..."

"Shuleni, mama."

"Nilimpeleka chanjo zote. Nilimwandikisha shule..."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Hakimu aliweka kalamu chini. Mama Pasi alikuwa ananitazama mimi, jasho likimtiririka shingoni, ananitazama kama mtu aliyepotelewa na njia anavyomtazama aliyemwelekeza.

"Mbona unamtazama yule binti?" Taratibu akauliza, bila ukali wowote.

"Ndiye mwalimu wangu," akasema. Na alisema kwa fahari, Mungu wangu. Alidhani ananisifia.

Pingamizi aliinuka kupinga, na kwa mara ya kwanza sentensi yake mwenyewe haikufika kwenye kitenzi. Hakimu akamwambia akae.

"Swali la mwisho," Taratibu akasema. "Unasema hukumficha. Je, yupo mtu hata mmoja wa ukoo wa baba yake aliyewahi kumwona mtoto huyu?"

Akafungua mdomo. Akanitazama. Akaufunga. Taratibu akasubiri, mvua ikapiga, hakimu akasema, "Shahidi, una jibu?" Hakutikisa hata kichwa. Hakimu akaandika huku anasema kwa sauti, "Shahidi amenyamaza."

Nje alinishika mkono. "Nimekosea wapi, mwanangu? Nilisema yote uliyonipa." Nilimwambia hakukosea. Nikamwambia ni hofu tu, humpata kila mtu. Kisha nikaenda nyuma ya jengo, kwenye matangi ya maji, nikanawa uso mara tatu.

Ijumaa, 9 Mei

Pingamizi alituita. Nilitegemea anipige radi. Alikaa muda mrefu anafuta miwani. "Karatasi yangu ya alama," akasema, "inapima uwazi, mpangilio na ufupi. Nimeitumia miaka kumi. Haina mstari wa kuuliza kama mtu bado anafanana na yeye mwenyewe." Kisha akatuambia twende. Nilikuwa namchukia mwanamke yule muhula mzima, na leo sina hata wa kumchukia.

Jumatano, 14 Mei

Sijaenda darasani. Mvua.

Alhamisi, 15 Mei

Sijaenda.

Jumamosi, 17 Mei

Dada kaniamsha kwa nguvu. "Uko hivi kwa sababu yule mama atapoteza mtoto, au kwa sababu wewe umeshindwa mbele za watu?" Nikamwambia atoke chumbani mwangu. Akasema ni chumba chake. Nimelia mpaka mto umelowa, na kilichoniliza ni kwamba sikuwa na uhakika na jibu.

Waswahili husema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimechuma, na anakula mwingine ambaye si wa kwangu.

Alhamisi, 22 Mei

Hukumu.

Hakimu alisoma kwa sauti ileile moja. Kwamba mjibu maombi bila shaka amemtunza mtoto kimwili. Kwamba hata hivyo ushahidi wake ulikuwa wa kukariri, na mahakama imeshindwa kujua lipi ni lake na lipi amefundishwa. Kwamba alipoulizwa kama kuna ndugu yeyote wa baba aliyewahi kumwona mtoto alinyamaza, na kimya hicho kinaunga mkono madai kwamba mtoto alifichwa.

Halafu hili, ambalo nimelisoma tena na tena kwenye nakala: kwamba mtoto mwenyewe alieleza anataka kubaki, lakini kwa kuwa mlezi ameonekana kufundishwa cha kusema, mahakama haiwezi kuridhika kwamba maneno ya mtoto nayo si ya kufundishwa.

Maneno ya Chiriku. Ambayo hakuna mtu duniani angeweza kumfundisha, maana hakuna anayepata nafasi ya kumkatiza. Yale nayo nimeyaharibu.

Mtoto aende kwa baba yake shule zikifungwa. Mama Pasi hakulia. Aliuliza tu karani kama ni lazima aende na nguo zote au zile za siku chache, halafu akaenda kutafuta sehemu ya kukaa. Mimi na Kifungu tulibaki tumesimama kwenye korido, hata hatukumfuata.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemuuliza Pingamizi kuhusu rufaa. "Rufaa inataka kosa la hakimu," akasema. "Hakimu hakukosea. Amehukumu alichopewa." Baadaye, nikiwa nimeshafika mlangoni: "Na tuliompa ni sisi. Siyo wewe peke yako. Kaa ukilijua hilo."

Najua. Halisaidii.

Ijumaa, 30 Mei

Alama za mafunzo kwa vitendo zimebandikwa ubaoni. Maandalizi ya shahidi: mimi ni wa kwanza. Zilikuwa zimeshapelekwa ofisini tangu Aprili na hakuna utaratibu wa kuzirudisha. Wenzangu wananipa mkono.

Jumatano, 4 Juni

Mvua imeanza kupungua. Paa bado linavuja.

Ijumaa, 6 Juni

Makabidhiano yalifanyika leo ofisini kwa ofisa ustawi wa jamii. Kliniki ilitakiwa kuwa na mwakilishi. Kifungu alisema ataenda yeye, nipumzike. Nikasema nitakwenda. Akaja hivyohivyo. Nilimdharau mtu huyu kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa, na leo sijui ningesimama vipi bila bega lake.

Chumba kina meza, viti vinne na kalenda. Baba mtu na mkewe walikuwa wameshafika. Mke ni mnyamavu, alishika mfuko wenye sandali mpya za mtoto na hakujua auweke wapi. Chiriku alikaa karibu na Mama Pasi, wamebanana kwenye kiti kimoja ingawa kingine kilikuwa kitupu. Ofisa akasoma amri, akaomba sahihi, akauliza kama kuna lolote.

"Lipo," Mama Pasi akasema. Akamgeukia baba mtu.

Na mikono yake ikainuka.

"Sikiliza. Huyu mayai hali, ila ukiyakoroga na kitunguu ukamwambia si mayai, anakula, na anajua ni mayai, nyie mkaushieni tu. Akikasirika anaingia chini ya kitanda. Usimvute, keti pembeni uanze kumsimulia hadithi na uikosee makusudi, atatoka mwenyewe kukusahihisha. Siku ya kwanza shuleni alikataa kuingia mpaka mwalimu amweleze kwanza yeye amesoma wapi. Kifua chake wakati wa baridi ukisikia kinapiga filimbi, usisubiri asubuhi, yule daktari wa karibu na kituo cha mafuta anamjua. Na likizo hizi usiache kumpeleka kaburini kwa bibi yake, amezoea, tunafagia pamoja, na ana wimbo anamwimbia, aliomfundisha mwenyewe bibi."

"Bibi yupi?" baba mtu akauliza.

"Bibi yake. Mama yako."

Mwanamume yule alikuwa ameshika kalamu ya ofisa, hajamaliza sahihi. "Mama yangu alimjua?"

"Alimjua! Kila shule zikifungwa nilimpeleka, tangu hajaota meno. Walikuwa wanalala kitanda kimoja. Ana gauni alilomshonea, limo humu kwenye mfuko. Mimi nilimwambia, mama, tumtafute baba mtu tumwambie. Akasema mwanangu ana hasira na mimi pia, hapokei salamu zangu, mwache, atakuja kwa miguu yake. Akafa anasubiri. Chiriku ndiye aliyekuwa anampa maji."

Baba mtu akakaa. Mkewe alimwekea mkono mgongoni. Mwanamume yule alikuwa analia kwa kinywa wazi, kama watoto wanavyolia, na Chiriku akawa anamtazama kwa makini.

Ofisa alikuwa ameacha kuandika. "Mama," akasema, "wewe uliulizwa swali hili mahakamani. Nimesoma hukumu. Uliulizwa kama kuna hata mmoja wa ukoo ule aliyemwona mtoto. Mbona hukuyasema haya?"

"Yule mzee ni marehemu," Mama Pasi akasema. "Niliambiwa nisimtaje marehemu."

Kifungu alinishika kiwiko. Nilijua, palepale nimesimama, kila kitu ambacho kanuni ingeniambia kama ningeisoma kwa ajili yake na si kwa ajili ya mtihani. Kwamba katazo ni la maneno ya marehemu, si la marehemu mwenyewe. Kwamba kusema nilimpeleka mtoto kwa bibi yake ni ushahidi wa macho na miguu yake mwenyewe, na hakuna hakimu ambaye angeukataa. Kwamba majirani wa yule bibi wapo hai wote. Na kwamba ushahidi uliokuwepo siku ya kesi na usiletwe, rufaa haiupokei kirahisi kwa sababu tu wakili alikuwa mjinga. Nilivijua vyote kwa mpangilio, wazi, bila maneno ya ziada.

Baba mtu akamuuliza ofisa kama anaweza kubadilisha. Ofisa akasema yeye hawezi, amri ni amri. Kama anataka aende na wakili wake aombe upya, itachukua muda wake, na mtoto kwa sasa lazima akae anakotajwa. Akamsogezea karatasi. Baba mtu akaitazama sana. Kisha mkewe akamnong'oneza kitu, akamalizia sahihi.

Mama Pasi alimvalisha Chiriku zile sandali mpya. Zilikuwa kubwa kidogo, akasema zitamtosha kufikia mwakani. Mtoto alitoka akiwa ameshikwa mkono na yule mke mnyamavu, akageuka mlangoni akanitazama mimi, si mama yake, mimi. Nilingoja aseme kitu. Hakusema.

Tulipobaki, Mama Pasi akakunja shali lake, akalinyoosha kwa kiganja kwenye meza ya ofisa, akalikunja tena. Halafu akaja kwangu, akanishika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Leo nimesema marefu mno."